Mbakizie Mwenzako

Wanafunzi wa udaktari wa siku hizi wakinijia kulalamika kwamba fildi ni ngumu, kijiji hakina umeme, wenyeji hawasikii ushauri, mimi huwaambia wavute kiti wakae. Fildi mnaijua nyie? Yangu ilikuwa Lukole, wilayani Ngara, miaka ile Warundi walipojaa kambini mpaka vilima vikageuka buluu kwa maturubai. Na nilichokipima kule sijakipima tena popote, wala sitaki.

Utaratibu wa chuo chetu ulikuwa hivi. Kabla hujaruhusiwa kuzunguka wodini na koti jeupe, unapewa familia moja ya watu wa kawaida. Unaitembelea kila siku, majuma yote ya fildi, unaona wanakula nini, wanachota maji wapi, nani anaumwa na kwa sababu gani. Mwisho unasimama mbele ya wenzako unaeleza. Msimamizi wetu, Dokta Ndassa, alikuwa na maneno machache na yote makali. Alituambia siku ya kwanza kwamba atakayeingia nyumba ya mtu na majibu mfukoni, atamrudisha Dar na lori la mahindi. Muulize mwenye nyumba kwanza, alisema, maana mwanafunzi ni wewe.

Mwenzangu Wiston, mtoto wa mjini asiyejua kunyamaza, alipata familia jirani na soko, watu wachangamfu, kila jioni anarudi ameshiba. Mimi nikatupwa mwisho kabisa wa mtaa, kwenye kibanda cha udongo kilichoezekwa turubai, kwa mama mmoja kijana aitwaye Odeta na binti yake Butoyi, mtoto wa mwaka na kitu ambaye hata kusimama dede alikuwa hajaanza. Nilinuna, siwafichi. Bahati yangu ilikuwa lugha tu. Mimi ni Msubi wa Nemba, Biharamulo, na Kisubi chetu na Kirundi watu wanasikilizana bila mkalimani.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mtaa mzima ulimwita Odeta Mama Bukuru. Kwa Warundi majina ya mapacha yanajulikana: anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Basi nikauliza, huyu Bukuru yuko wapi? Odeta alinyoosha mkono kwenye mkeka, kushoto kwa Butoyi, mahali palipokuwa na mbeleko iliyokunjwa na hapana mtoto.

"Huyo hapo," akasema. "Leo ametulia."

Nikasema moyoni, haya, Marsiana, umeyapata. Lakini niliyakumbuka ya Dokta Ndassa na lile lori la mahindi, nikakaa.

Nilichokiona siku zilizofuata ni hiki. Butoyi alikuwa akipewa uji wa lishe kwenye kikombe cha bati. Akifika nusu, mama yake anamwondolea taratibu na kumwambia, "Butoyi, mbakizie mwenzako." Mtoto hakulia. Alikuwa ameshazoea. Nusu iliyobaki Odeta aliimimina kwenye bakuli jingine, akaliweka kushoto juu ya mkeka, akalifunika. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole kwamba ni sisi watu wa afya tuliopita na kipaza sauti tukitangaza: mwenye mapacha, kila mtoto ale kwenye bakuli lake. Yeye ametii tu. Kesho yake asubuhi nikija, bakuli lilikuwa limekauka na kung'aa. Nilijiambia ni panya, maana panya wa Lukole walikuwa na afya kuliko watoto.

Kunyonyesha ndiko kulikonitia wasiwasi. Odeta alimnyonyesha Butoyi ziwa la kulia. Akimaliza humlaza, anainyanyua ile mbeleko, anaiweka mkononi, na kukaa kimya muda mrefu na ziwa la kushoto wazi. Sasa, mwanafunzi yeyote anajua kwamba ziwa lisilonyonywa hujaa, likauma, halafu likakauka. La Odeta halikujaa wala halikukauka. Nililiangalia kwa jicho la kazi kila siku, na kila siku lilikuwa laini, limetoka kunyonywa.

Butoyi, kwa upande wake, alikuwa anakwisha. Nywele zilikuwa zimebadilika rangi, mbavu unazihesabu, macho makubwa yasiyofuata kitu. Nilikuwa na mizani ile ya kuning'iniza, unaifunga kwenye mti wa paa, halafu mtoto unamvisha kaptura ya plastiki na kumtundika kwenye ndoano. Kila nikimtundika, mshale ulikuwa unasimama pungufu ya mara iliyopita. Nikamwambia Odeta waziwazi kwamba huyu anatakiwa kulazwa kituo cha lishe, mama na mtoto, leo hii, la sivyo atakufa. Akanisikiliza vizuri sana. Akasema kituoni watampokea Butoyi peke yake, na hapo Bukuru atamwachia nani?

Hasira zangu ziko karibu, mnanijua. Siku hiyo nilikuwa na Wiston, amenisindikiza, na nilimwambia Odeta maneno ambayo Dokta Ndassa asingeyapenda, kwamba hana mtoto mwingine na huyu mmoja anamuua kwa njaa. Hakukasirika. Alinitazama tu, akasema, "Kila ukija unampima mmoja. Mpime na mwenzake. Ukishampima, ndipo nitajua unatujali sisi sote."

Wiston akanikonyeza. Mridhishe, akaninong'oneza, haitukosti kitu. Nami nikaona kweli, kama kutundika kaptura tupu kutamfanya mama huyu anyanyuke, nitaitundika hata mara kumi. Nikarudisha mshale kwenye sifuri. Odeta akaifungua ile mbeleko, akaingiza mikono, akainua, kiganja kimoja kimeshika mahali pa shingo, na akapitisha mguu mmoja kwenye kaptura, kisha wa pili. Alifanya vile wanavyofanya mama wote. Tofauti ni kwamba mimi sikuona mguu.

Mshale ukashuka.

Wiston alikuwa ameanza kucheka, akakatiza. Ile plastiki ilikuwa imevutika chini, imejaa, na inazunguka polepole upande huu na upande ule, kama inavyozunguka mtoto akirusha miguu. Mchana kweupe, jua linawaka, nje wanawake wanatwanga. Wiston aliiondoa kaptura, akakagua kamba, akatundika pakiti ya chumvi ya kilo moja tuliyokuwa nayo. Mizani ikasoma kilo moja. Akatundika kaptura peke yake, sifuri. Odeta akamchukua tena mtoto wake, akamrudisha, na mshale ukashuka mpaka palepale. Nilipiga hesabu kichwani na nikatamani nisingepiga. Ulikuwa uzito uleule ambao Butoyi alikuwa amepungua tangu nianze kumpima.

"Anaongezeka," Odeta akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

Na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa sababu sasa hakuwa tayari kabisa kwenda kituoni. Umeona mwenyewe, aliniambia, Bukuru ndiyo kwanza anaanza kunenepa, nitamhamishaje? Butoyi alikuwa amelala mkekani akipumua kwa shida.

Nilikwenda kwa Dokta Ndassa nikijua ananitimua. Alikuwa anakula, hakuacha kula. Nilimweleza yote, hata mshale. Wiston, ambaye siku hiyo alikuwa amekosa utani, alitikisa kichwa kuthibitisha. Dokta akanawa mikono, akasema ya mizani hatayajadili, hakuyasomea. Akauliza ni mtoto yupi anayekufa. Nikamjibu ni Butoyi. Akauliza kama nimemuuliza mama yake anasubiri nini. Nilikuwa nimemuuliza Odeta habari za choo, maji, chandarua na chanjo. Hilo sikuwa nimemuuliza.

Kwa hiyo nikarudi, nikaketi chini, nikamuuliza. Akanieleza huku anachambua maharage, sauti haipandi wala haishuki.

Walipokimbia, walikuwa wawili na nusu, ndivyo alivyosema: yeye, mama yake mzazi, na mapacha wachanga ambao kwa udogo wao hawakufika mtu mmoja. Butoyi alimbeba mbele, Bukuru mgongoni. Kwenye mto Ruvubu mtumbwi ulikuwa mmoja na watu ni wengi, mama yake akamwambia tangulia na watoto, mimi nakuja na unaofuata. Alipofika ng'ambo ya huku na kufungua mbeleko, Bukuru alikuwa hapumui. Mtumbwi uliofuata haukuja. Watu wakamvuta waondoke, maana ng'ambo ile risasi zilikuwa zinalia. Mtoto alimlaza kwenye matete ukingoni, akaondoka na mbeleko.

Sasa katika ukoo wao pacha anayetangulia kufa hasemwi kuwa amekufa. Anaendelea kuitwa, anaendelea kulishwa, na mama haruhusiwi kumlilia, mpaka bibi mzaa mama aje amwachishe ziwa. Bibi ndiye anayefunga mbeleko mgongoni, anaondoka na mjukuu, na akishapotea machoni ndipo mama anaangua kilio na watu wanakaa matanga. Bila bibi, kazi haiishi.

"Mama yangu amebaki kule," Odeta akasema. "Nani atakuja kumchukua? Basi ananyonya. Nimnyime? Ni mtoto."

Jamani, huruma iliyonishika siwezi kuieleza. Mwanamke yule hakuwa kichaa. Alikuwa mama mwenye watoto wawili na chakula cha mmoja, na anagawa sawa. Nikamtazama Butoyi, nikaona hana juma zima.

Nikakumbuka nyumbani Nemba. Kwetu mtoto akigoma kuacha ziwa, mama hapigani naye. Anapelekwa kwa bibi. Na hapelekwi na mama mwenyewe, kwa sababu kwa mama hatakubali kuachwa. Anambeba shangazi, au dada, au jirani anayemzoea. Anakaa naye kidogo, anamwekea vitu vya kuchezea, halafu anachomoka kama anakwenda kuchota maji. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo, na mdogo wangu nilimpeleka mimi. Nikamuuliza Odeta: kama bibi hawezi kuja, mtoto hawezi kupelekwa?

Aliacha kuchambua maharage. Akasema wakimbizi hawaruhusiwi kufika mtoni, na hata angeruhusiwa, yeye ndiye mama. Inatakiwa apelekwe na mtu ambaye mtoto anamjua.

"Wewe anakujua," akasema. "Ulimpima na hakukulilia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilipiga moyo konde. Maji ya Ruvubu yanaingia mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, pale mpakani, na gari la shirika la wakimbizi lilikuwa linakwenda Rusumo kesho yake kufuata mizigo. Nikaomba nafasi, nikapewa. Odeta alinisubiri mlangoni, amenyonyesha kwa mara ya mwisho, ziwa la kushoto amelifunga kwa kitambaa. Alinifunga mbeleko mgongoni yeye mwenyewe, akakaza fundo kifuani. Ilikuwa nguo nyepesi, imefifia. Akanipa maagizo ambayo niliyajua tangu utotoni: msalimie bibi kwanza, umweke kwenye vitu vya kuchezea, usimuage. Na ukishaondoka usigeuke, kwa sababu akikuona umegeuka atakufuata.

Dereva alikuwa Mhangaza mmoja, Matiasi, mtu mzima mpole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukaondoka. Hakuwa anajua lolote. Tulipopita njia ya vumbi jekundu kabla ya kuipata lami, alinitupia jicho, akapandisha kioo cha upande wangu.

"Mfunike mtoto kichwa, mwanangu. Vumbi hili litamkohoza."

Nilivuta upindo wa mbeleko juu kidogo. Kuanzia hapo nilihisi uzito. Mwanzoni ulikuwa wa nguo tu, kisha wa nguo iliyolowa, na tulipoyaona malori yamepanga foleni mpakani, mabega yalikuwa yananiuma kweli, na katikati ya mgongo palikuwa na joto. Joto la mtoto aliyelala, kila aliyewahi kubeba analijua. Sikuthubutu kuegemea kiti.

Rusumo ilikuwa kwenye pilikapilika zake. Madereva wanabishana na mawakala wa forodha, mama wanauza maembe na mayai ya kuchemsha, na chini ya daraja maji yanaanguka kwa kishindo na kurusha mvuke mpaka barabarani. Nilishuka kando, mbali na askari wa daraja, nikifuata kijia cha wavuvi mpaka kwenye miamba iliyolowa. Mtu yeyote angeniona angedhani nakwenda kufua. Niliketi, nikafungua fundo, nikaishusha mbeleko mbele yangu kwa mikono miwili. Sikuitazama ndani. Niliitandika juu ya jiwe bapa, nikaokota vijiwe laini na konokono wawili watupu, nikaviweka pale.

"Shikamoo, bibi," nikasema kuelekea majini, na nilijiona mjinga. "Nimemleta Bukuru. Mama yake anakusalimu sana. Amesema umwachishe, amekuwa mkubwa sasa."

Maji yakaendelea kunguruma. Nikangoja kidogo, nikaongea habari za kambi, za mvua na bei ya maharage, maneno ya kupitisha muda, kama nilivyofanya zamani kwa bibi nilipompeleka mdogo wangu. Kijiwe kimoja kikagonga kingine. Labda ni mimi nilikipangusa na sketi. Kikagonga tena.

Nikasimama. "Naenda kuchota maji," nikasema, "narudi sasa hivi." Nikaanza kupanda.

Sikuwa nimefika mbali nikasikia kilio. Nimesikia watoto wengi wakilia tangu hapo, ni kazi yangu, na ninakuapieni kile kilikuwa kilio cha mtoto aliyegundua ameachwa. Kilipenya kishindo chote cha maji. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Niliuma meno, nikajikaza kisabuni, machozi yananitiririka, nikaendelea kupanda huku nimeshika nyasi za pembeni, na kilio kinapanda nyuma yangu, kinapanda, mpaka nikasema sasa nageuka, liwalo na liwe. Kikakatika. Kilikatika katikati, vile mtoto anavyonyamaza akinyanyuliwa. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke mzee, ya puani kidogo, imechoka, ikimbembeleza kwa Kirundi: "Hora, hora, hora."

Sikugeuka. Nilitembea mpaka kwenye gari. Matiasi alikuwa amemaliza kupakia, akanitazama mgongoni, akauliza mtoto nimemwacha wapi. Nikamwambia kwa bibi yake. Akaitikia kwamba ni vizuri, bibi wanajua kulea, akawasha gari. Njia nzima mgongo wangu ulikuwa baridi, na blauzi ilikuwa imelowa mahali kinywa cha mtoto kinapofika. Ilikuwa inanuka maziwa.

Odeta alikuwa ameketi mlangoni na Butoyi mapajani. Wanawake wa majirani walikuwa wamekaa kandokando, kimya, hakuna aliyekuwa anatwanga. Alipoona sina mbeleko, hakuuliza nimefikaje wala nimemweka wapi. Aliuliza kile ambacho mama yangu aliniuliza mimi siku ile niliporudi bila mdogo wangu.

"Alilia?"

"Alilia," nikasema. "Alilia sana. Halafu bibi yake akamnyanyua."

"Alimwambia nini?"

"Alimwambia hora, hora."

"Kwa sauti ya puani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Odeta akaufunika uso wake kwa viganja, na kilio alichokibeba tangu Ruvubu kikamtoka chote kwa pamoja. Aliita jina la mama yake, akamwita Bukuru, na wanawake wote wakaitikia, wakashuka wakakaa chini kumzunguka, matanga yakaanza palepale mlangoni. Mimi niliketi nao nikalia pia, kwa sababu nisingeweza kufanya kitu kingine.

Katikati ya kilio mmoja wa majirani alimletea Butoyi uji kwenye kile kikombe cha bati. Mtoto akanywa mpaka nusu, akasita, akamwangalia mama yake. Kisha akatazama mkekani, upande wa kushoto. Odeta, macho yamevimba, hakusema neno. Butoyi akakirudisha kikombe mdomoni, akanywa uji wote mpaka chini, na hakuna aliyemwambia abakize.